Wavushaji Watatu: Koomenjoe, Mwalimu wa Bahari na Rubani wa Kilindini

Mkulima wa chai wa Githongo, huku kwetu Imenti ya Meru, anawajua wengi wanaolishika jani lake baada yake. Anamjua karani wa kituo cha kupimia, anamjua dereva wa lori linalopanda kiwandani, na ukimuuliza atakueleza habari za mnada wa Mombasa, uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969 na ambao ndio unaoamua bonasi yake. Baada ya mnada, habari humkatikia. Hajui kwamba chai ikishapakiwa melini, nahodha wa meli ile, hata kama ameizunguka dunia mara nyingi, haitoi Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa kichwa chake mwenyewe. Humngoja mtu wa bandari, rubani, apande, amwongoze hadi nje ya miamba, kisha ashuke kwa ngazi ya kamba na kurejea nchi kavu.

Sisi wa Imenti tuna sababu ya kumjua rubani iliyo kubwa kuliko bonasi. Historia yetu ya mdomo inaanzia majini. Kabla ya mlima, kabla ya msitu, kabla ya shamba la kwanza la ndizi, palikuwa na kisiwa kilichoitwa Mbwaa, na palikuwa na mtu aliyewavusha watu usiku. Ndiyo maana nataka kumsimamisha rubani wa leo mbele ya wenzake wawili wa zamani: Koomenjoe wa masimulizi ya Wameru, na mwalimu wa bahari aliyeongoza vyombo kati ya Uarabuni, Bara Hindi na pwani yetu. Ninavyoona, wote watatu hupewa sifa yao na mahali. Mtu hukabidhiwa roho za wenzake kwa kuwa anayajua maji haya hasa, mwamba huu na mkondo huu. Na kwa kuwa mahali ndipo palipompa sifa, deni lake la kwanza ni kwa mahali hapo na watu wake, hata anapokuwa amesimama juu ya chombo cha mtu mwingine.

Nianze na wa nyumbani. Masimulizi yanasema Mbwaa ilitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, wenye mavazi mekundu, nao waliwageuza babu zetu watumwa. Wakawapa mitihani iliyokusudiwa kuwashinda. Watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Walete mbwa mwenye pembe. Mtihani ninaoupenda kuliko yote ni ule wa tunda: lilitupwa ndani ya shimo refu, wakatakiwa walitoe bila kuingiza mkono wala kulichoma kwa mti. Wakamimina maji shimoni hadi tunda likaelea, likafika juu, wakaliokota. Anayefahamu kazi ya bandari hatapita hapo bila kusimama. Meli nzito inayokaribia kugusa sakafu ya bahari haivutwi kwa nguvu. Husubiriwa maji yajae yainyanyue, ndipo iingizwe. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hupita mita 3. Mita hizo ndizo humfanya rubani aseme meli hii iingie sasa au ingoje saa sita.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mkuki wa kufika mbinguni, na hapo watu wakaelewa kwamba kilichotafutwa ni roho zao. Wakaondoka usiku. Walipofika kwenye maji Koomenjoe aliyapiga kwa fimbo yake na njia ikafunguka. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limechomoza wakawa Njeru, weupe. Hadi leo mzee akitaka kukujua vizuri anaweza kukuuliza ukoo wenu ulivuka saa ngapi.

Wapo wanahistoria walioiona Mbwaa katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Si wote wanaokubali, lakini mahali penyewe pana jambo la kutufundisha. Kati ya Manda na bara kuna mkono mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, wenye mikoko pande zote, ambao mashua hupita maji yakijaa na hukwama yakipwa. Kwenye mkono wa bahari kama huo, mtu anayeijua saa ya maji kupwa anaweza kupitisha familia nzima kwa miguu, na anayewafuata bila kuijua saa hiyo akakuta maji yamerudi. Sisemi kwamba nimelifumbua fumbo la fimbo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekumbukwa kwa kufungua njia katika maji lazima aliheshimiwa kama mtu aliyejua maji yanafunguka lini.

Linganisha sasa na sifa walizozidai mabaharia wa Bahari ya Hindi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, eneo ambalo leo ni Ras al Khaimah, aliandika katika miaka ya mwisho ya karne ya 15 kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, na pia shairi refu la mafunzo kuhusu njia ya Sofala, yaani njia ya kuipita pwani yetu. Katika kitabu kile aliwagawa walimu wa bahari kwa madaraja: yuko anayebahatisha, leo akapata na kesho akakosa, yuko aliyepevuka kwa uzoefu wa njia zake, na yuko anayezijua asili za elimu yenyewe kiasi cha kuandika kitakachowafaa wa baada yake. Vipimo vyake vya elimu ni vingi: nyota na kupanda kwake, majira ya kaskazi na kusi, rangi ya maji, udongo unaotoka na bildi ya kupimia kina, ndege na nyoka wa baharini wanaoashiria nchi kavu. Lakini hakuishia kwenye elimu. Alitaka mwalimu awe mvumilivu, awe macho, awe mwadilifu asiyemdhulumu abiria mmoja kwa faida ya mwingine, na amche Mungu. Kwake mtu mjuzi asiye na haki hakuwa ametimia kwa kazi hii.

Vyombo vya pwani vilitenganisha vyeo pia. Nahodha alisimamia chombo, mali na watu. Mwalimu alisimamia njia. Mgawanyo huo una hekima iliyodumu, nitaurudia.

Mwaka 1498 sifa hizo za mwalimu zilitiwa kwenye moto. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili. Siku tatu baadaye, katika kujaribu kuingia bandarini, meli yake ilikataa kugeuka ikagonga iliyokuwa nyuma yake, na katika vurugu hizo marubani aliowachukua Msumbiji walijitosa baharini na kuogelea wakaenda zao. Wareno waliandika tukio hilo kama hila. Mimi naliona kwa jicho jingine: watu waliokuwa wamechukuliwa kuongoza wageni wenye mizinga, walipoona nafasi, walikataa kuendelea. Malindi ilikuwa na hesabu nyingine, kwa uhasama wake na Mombasa. Mfalme wake alitoa mwalimu wa bahari, meli zikang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei zilikuwa zimetia nanga Calicut. Kwa ubaharia, safari ile haina dosari. Mwandishi mmoja wa Makka wa karne ya 16 alidai mwalimu yule alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Wataalamu wengi wa leo wanalikataa dai hilo, na vyanzo vya Wareno vinamtaja kwa jina jingine, vikimhesabu Mgujarati. Awe nani, miaka 7 baadaye, mwaka 1505, Wareno waliipora Kilwa na wakaichoma Mombasa.

Simlaumu mtu aliyetumwa na mfalme wake na ambaye hakuonyeshwa kesho. Ila kisa hicho kinatulazimisha kuuliza swali ambalo orodha za vyeti huwa hazilifikii: rubani ni wa nani? Ni wa chombo anachokiongoza, au wa bandari anayoijua? Waingereza walilijibu mapema na bila haya. Mabaharia wa mto Thames walipomwomba Mfalme Henry VIII hati ya chama chao, ile iliyozaa Trinity House mwaka 1514, walilalamikia wazi hatari ya vijana wasiofunzwa, na ya Waskoti, Waflemi na Wafaransa kujifunza siri za mto wao. Kwao kuujua mlango wa bandari lilikuwa jambo la usalama wa taifa, na aliyeujua alikuwa mlinzi wake.

Kilindini leo inalijibu swali hilo kwa mpangilio wa ajira. Rubani ni mfanyakazi wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1978, wala haajiriwi na mwenye meli. Anatoka na boti ndogo hadi bahari kuu, nje ya miamba ya Leven na Andromache, iliyobaki na majina ya manowari za Kiingereza zilizofika hapa katika karne ya 19. Meli hupunguza mwendo na kugeuza ubavu ili upande mmoja ukingwe na upepo. Ngazi ya kamba yenye vidato vya mbao inateremshwa. Kanuni za kimataifa zinakataza apande zaidi ya mita 9 kwa ngazi hiyo peke yake. Ubavu ukiwa mrefu zaidi, lazima iunganishwe na ngazi ya pembeni ya meli. Rubani husimama ukingoni mwa boti, hungoja wimbi liiinue hadi juu kabisa, ndipo huhamia kwenye ngazi na kupanda haraka. Akihama boti ikiwa bado chini, wimbi linalofuata litaipandisha imbane miguu. Hivi ndivyo anavyoianza kila kazi, usiku na mchana, kusi na kaskazi.

Akiingia chumba cha usukani kuna salamu, kisha mazungumzo mafupi yasiyo na mapambo. Nahodha anamwambia tumbo la meli limefika kina gani omo na tezi, yaani mbele na nyuma, injini inaitika baada ya muda gani, rafadha huivuta tezi upande gani ikirudi nyuma, na kasoro ipi ipo. Rubani anamweleza hali ya maji, upepo, meli nyingine zinazotembea, tagi zitafungwa wapi, gati ni lipi na watalikabili vipi. Njia ya meli ilichimbwa hadi kina cha mita 15 katika kazi iliyokamilika mwaka 2012, ila kina kikubwa kilileta meli kubwa, na nafasi ya kukosea haikuongezeka. Wanaipita Ras Serani, kisha mbele yao feri za Likoni zinaikata njia zikiwa zimesheheni watu wanaokwenda kazini. Rubani anatoa amri ya usukani; mshika usukani anairudia kwa sauti kabla ya kuitekeleza, na rubani anatazama kipimo kuona imetekelezwa kweli. Wanafanya hivyo kila digrii, kila kona.

Sifa za kufika pale juu zinachukua miaka. Kwanza uwe baharia wa sitaha mwenye cheti, kisha upande vyeo. Katika bandari nyingi duniani anayeomba urubani anatarajiwa awe na cheti cha unahodha au awe karibu nacho. Baadaye ndipo huanza mafunzo ya mahali: kupanda na rubani mkongwe meli baada ya meli, kuijua ramani ya bandari kwa moyo, kuanza na meli ndogo kabla ya kuruhusiwa kubwa. Azimio la Shirika la Kimataifa la Bahari la mwaka 2003 linapendekeza mamlaka zijihakikishie, kila baada ya muda usiozidi miaka 5, kwamba rubani bado anayajua maji yake na bado ana afya ya kutosha. Macho na masikio hupimwa.

Mtu wa Meru anayezijua sheria za Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, hatashangazwa na kipimo hicho cha mwili. Bernardo Bernardi, padri na mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu kuhusu Mugwe mwaka 1959, alieleza kwamba mwenye cheo hicho alitakiwa awe mtu asiye na ila mwilini na mwenye mwenendo safi. Na wapo wanaouona mwanzo wa cheo hicho kwa Koomenjoe. Njuri Ncheke nayo, baraza la wazee wa Meru ambalo makao yake yako Nchiru, haimwingizi mzee siku moja. Hupitia ngazi za chini kwanza, akitazamwa anavyosikiliza, anavyozuia ulimi, anavyoamua kesi ndogo. Mali peke yake haimfikishi. Hapo desturi ya mlimani na desturi ya bandarini zinashikana mikono kabisa: hakuna anayepewa chombo kikubwa kabla ya kuonekana na kidogo.

Zinaachana katika jambo moja, nami hapo nasimama na bandari. Njuri ni baraza la wanaume. Bahari nayo ilikuwa hivyo karne na karne, lakini imeanza kufunguka: Elizabeth Marami, aliyesomea Alexandria nchini Misri, ametajwa sana kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli. Mkondo wa maji haubagui anayeusoma, na mila inayowanyima mabinti nafasi ya kuongoza inajipunguzia waongozaji.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni ya nani anabeba lawama. Koomenjoe alikuwa nahodha na rubani kwa pamoja; kama maji yangerudi, angezama na watu wake, na walipofika ng'ambo aliendelea nao safari. Sheria za Oléron, za pwani ya Ufaransa ya enzi za kati, zilikuwa kali kuliko hapo: rubani aliyeipoteza meli kwa ujinga wake na asiye na cha kulipa, mabaharia wakimkata kichwa hawakuulizwa. Kanuni za leo zinasema kinyume. Kuwepo kwa rubani melini hakumwondolei nahodha wajibu wa usalama wa meli yake. Rubani anaongoza, nahodha anabaki na dhamana, na akiona hatari anaweza kuirudisha amri mkononi mwake.

Wapo wanaouona mpango huu kama njia ya kukwepa. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi itakuwaje wawili wasimame chumba kimoja? Nimelifikiria sana swali hilo na nadhani mpango ni sahihi, kwa sababu ile ile iliyowafanya mabaharia wa zamani wamtenge mwalimu na nahodha. Mmoja anakijua chombo, mwingine anayajua maji, na hakuna binadamu anayevijua vyote viwili kikamilifu katika kila bandari ya dunia. Chombo huenda mrama pale ambapo wawili hao hawasemezani. Machi 2021 meli ya Ever Given iliuziba Mfereji wa Suez kwa siku 6 ikiwa na marubani wawili wa mfereji ndani yake. Idadi ya wataalamu chumbani haikuiokoa.

Mfano wa upande wa pili ni wa Baltimore, Marekani, usiku wa tarehe 26 Machi 2024. Meli ya Dali ilipoteza umeme ikielekea kwenye nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Marubani waliokuwa ndani walifanya yaliyowezekana kwa chombo, ikiwamo kuagiza nanga iteremshwe, na papo hapo wakatoa taarifa kwamba magari yazuiwe. Polisi waliwahi kuyazuia. Daraja lilianguka, na mafundi 6 waliokuwa wakikarabati barabara juu yake walikufa. Msiba huo haupunguzwi na lolote. Lakini madereva waliokuwa wakielekea darajani usiku ule walifika nyumbani. Marubani wale, meli ikiwa imewaponyoka, walikumbuka watu wasio wa meli. Huo ndio ujuzi wa mahali ukilipa deni lake.

Ndiyo maana katika wajibu wote wa rubani naupa nafasi ya kwanza ule unaozungumzwa kidogo: kukataa. Azimio lile la 2003 linampa rubani haki ya kutoiongoza meli inayohatarisha usalama wa safari au mazingira, mradi atoe taarifa mara moja kwa mamlaka na kueleza sababu. Haki hiyo ni ngumu kuitumia. Kila saa ya meli kungoja nje ina gharama, simu zinapigwa, wakubwa wanauliza. Bandari inayotaka marubani wa kweli lazima imlinde anayesema "meli hii haiingii leo" kama inavyomsifu anayeiingiza salama. Mzee wa Njuri anayekataa kutoa hukumu kwa sababu ushahidi haujatimia hachekwi, huheshimiwa. Desturi hiyo ya mlimani ningependa kuiona imeshuka bandarini na kukaa.

Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, nalo liko kwenye ghuba ya Manda. Kama wanahistoria wale wana haki kuhusu Mbwaa, basi meli za leo zinaongozwa na marubani karibu na maji yale yale ambayo masimulizi yetu yanasema tuliyavuka usiku. Barabara ya kutoka Lamu imekusudiwa kupita Isiolo, mlangoni petu. Hatuna tena sababu ya kuiita bahari mambo ya watu wa pwani.

Basi neno langu ni kwa walimu na wazazi wa Githongo. Mtoto wenu anayeipenda hisabati, fizikia na jiografia, na ambaye hapotezi utulivu mambo yakichafuka, mwambieni kazi hii ipo. Aulize habari za Bandari Maritime Academy pale Mombasa, au chuo cha ubaharia cha Dar es Salaam. Aelezwe kwamba cheti cha kwanza cha ofisa wa sitaha hudai miezi isiyopungua 12 ya kazi baharini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, kwamba macho yake yapimwe mapema kabla hajalipa karo, na kwamba njia ya kufika urubani ni ndefu. Nanyi wenye vyuo na bandari, pandeni hadi huku Imenti mje kueleza nafasi hizo shuleni, maana mtoto wa kilimani hawezi kuiomba kazi ambayo hajawahi kusikia jina lake.